Adui Hushindwa Ukurasa wa Tatu

Mading Dau alikuwa mchoraji wa mabango katika kambi ya Kakuma, upande wa Kakuma One, na mimi nilikuwa mwanamke wake wa kuni. Nilitua mzigo mlangoni, mkewe Ayen akanipimia mahindi kwa kopo, nikaenda zangu. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Ukipita mtaa wa Wahabeshi utaona kazi zake. Kuna sahani ya pilau inayotoa moshi kwenye ukuta wa duka la Msomali, na simba kwenye hoteli ambayo nyama huiona sikukuu kwa sikukuu. Kwenye vibanda vya vinyozi kuna vichwa vilivyonyolewa vizuri, na vyote ni sura moja, sura ya kaka yake aliyepelekwa Amerika. Mading hakupelekwa kwa sababu wiki ya mahojiano alikuwa hospitalini na malaria. Alinieleza hivyo mara moja tu, kama mtu anayesema mvua haikunyesha, kisha akaendelea kuchanganya rangi.

Alitoka Bor, kule Sudan, akiwa mtoto, kwa miguu, na miaka aliyokaa kambini ilikuwa imepita ile aliyokaa kwao. Alikuwa mrefu mpaka akiketi juu ya debe magoti yake yalikaribia masikio. Hakupenda kuzungumza juu ya watu aliowajua. Alizungumza juu ya watu aliowabuni.

Mwaka 2012 shirika moja la pale kambini lilimpa kazi ya kuchora kitabu cha katuni cha watoto. Kilikuwa kitabu chembamba. Kurasa tatu zilikuwa za hadithi, na ukurasa wa nne ulikuwa wa mafunzo: nawa mikono, funika maji, chimba choo mbali na nyumba. Kiligawiwa bure kambini, na vingine vilipakiwa kwenye gari na kupelekwa katika shule za Turkana mpaka Lodwar. Stelingi alikuwa msichana aitwaye Tumaini, mwenye sare safi na kipande cha sabuni mfukoni. Tumaini alibuniwa ofisini. Maadui waliachiwa Mading.

Wa kwanza alimwita Mnunua Vivuli. Alikuwa mtu wa koti refu aliyekuja kambini wakati jua liko utosini. Alimpa mtoto biskuti, mtoto akampa kivuli chake. Mnunua Vivuli alivishona vivuli vyote pamoja akatengeneza hema kubwa lenye ubaridi, na waliotaka kupumzika ndani walilazimika kumwachia majina yao mlangoni. Ayen alinisomea maneno, kwa maana mimi sijui kusoma, lakini picha hazihitaji mtu wa kukusomea. Niliwaona wale watoto wasio na vivuli wakisimama juani, na chini ya miguu yao hakuna kitu. Niliangalia chini ya miguu yangu mwenyewe.

Ukurasa wa tatu Tumaini alipanda mwarobaini, mwarobaini ukakua, kila mtu akapata kivuli, na Mnunua Vivuli akakimbia.

"Mti gani huo?" nilimuuliza. "Unapandwa, unakua, adui hajamaliza hata kugeuka!"

"Mama, mimi najua," alisema Mading. "Gitau wa shirika anasema kurasa ni tatu. Adui lazima ashindwe ukurasa ya tatu."

"Na wale waliotoa majina?"

"Sikupata nafasi."

Wa pili alikuwa Bwana Kadi Saba. Alikuwa na kadi saba za chakula na nyuso saba, na kila asubuhi alichagua uso wa kwenda nao kwenye foleni. Tatizo lake lilikuwa moja: hakukumbuka tena ni uso upi aliozaliwa nao. Mading alimchora amekaa kitandani, nyuso zimepangwa magotini kama sufuria zinazosubiri kuoshwa, anazishika moja moja. Ile picha iliniingia. Nilidhani sasa atakwenda kumtafuta mama yake amwonyeshe. Lakini Tumaini alimuosha kwa sabuni, nyuso sita zikatoka na povu, akashukuru, akaonyeshwa jinsi ya kunawa mpaka kwenye viwiko.

"Watoto wanapenda," Ayen alisema, akicheka. "Wanapenda adui. Huyo msichana wa sabuni hakuna anayemtaka, hata ukimpa na ng'ombe juu."

Mambo yangu yaliingia katika kazi ya Mading mwanzoni mwa mwaka 2013, wakati kuta zote za Kakuma mjini zilikuwa na picha za wagombea. Nilikuwa nimeinama kufungua kamba ya mzigo. Kitambaa kilianguka, akaona shingo yangu.

"Nini ilikukata hapo, mama?"

Nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Pengine ni kwa sababu hakuwa Mturkana kama mimi, na asingesema maskini.

Nilikuwa mke wa Ekal, upande wa Kalobeyei. Siku ya arusi Ekal alichinja dume nyumbani kwa baba yangu mbele ya watu, na nilivishwa alagama, ile pete ya chuma ya shingoni ambayo kwetu inasema huyu ni mke wa mtu. Tukapata binti mmoja, Akidor. Ekal akafa kwa homa. Nilinyolewa nywele, nikavua shanga zote kama mjane anavyovua, na pete ikabaki shingoni, kwa sababu shanga ni za furaha lakini pete ni ya ndoa. Watu wa Ekal walikuwa wamehamisha mifugo kuelekea Uganda kutafuta majani. Hapo kaka yangu Lokiru akatokea kutoka Lodwar. Alikaa na wazee akasema Ekal hakumaliza mifugo ya mahari, na lile dume lilikuwa lake yeye Lokiru, alilikopesha tu ili arusi isiaibike. Hakukuwa na mtu wa kumpinga ila mimi, na mimi sikuulizwa.

Kwetu, mahari isipokamilika, mtoto ni wa nyumba ya baba wa mwanamke. Baba yetu alikuwa amekufa. Nyumba ya baba ilikuwa Lokiru. Kwa hiyo Akidor akawa wake, na msichana akikua huleta mifugo. Mimi kwa maneno yao sikuwa mke wa mtu, na asiye mke havai pete. Lokiru aliikata mwenyewe, kwa koleo. Koleo liliteleza. Akamchukua Akidor kwenda Lodwar, hata meno ya mbele hayajaanza kung'oka, akamwambia kwamba mama yake amewafuata wakimbizi.

Mading alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua mkono kutoka kwenye karatasi. Nilipomaliza, mwanamke alikuwa ameshafika pale karatasini. Alikuwa na uso wangu, ila macho yake yalikuwa makubwa kuliko yangu, na shingoni alikuwa na pete.

"Huyu," alisema, "kila mtu akidanganya juu yake, pete inabana. Pete ikibana, kisima moja inakauka. Hakauki yeye. Kisima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu mmoja aseme kweli."

Nililitazama lile wazo kama mtu anavyotazama mbuzi mzuri wa jirani.

"Hivi vitabu vinafika shule gani za Lodwar?" nikamuuliza. Alitaja kadhaa, na mojawapo ilikuwa ya Akidor. Ilikuwa shule ambayo Helen, binamu wa marehemu mume wangu, alipikia watoto. Helen ndiye aliyekuwa akinitumia habari kupitia madereva: mtoto ni mzima, mtoto amepanda darasa, mtoto anamwita Lokiru baba.

"Basi chora yote," nilisema. "Chora dume. Chora wazee. Chora koleo. Uso umeshauchukua, sikudai. Mimi nataka mtoto wangu asome kwamba nilikuwa mke na sikumtupa."

"Toleo ya tatu," Mading alisema. "Kwanza watoto wamjue, wamwogope. Halafu ya tatu naleta mwanzo wake wote. Naapa kwa Mungu."

Toleo lake la kwanza likatoka. Mwanamke mwenye pete alikausha mabomba ya mtaa mzima, na Tumaini akawafundisha watoto kufunika madumu. Alishindwa na vifuniko. Toleo la pili alikausha Tarach, mto ambao ni mkavu karibu mwaka mzima, akashindwa kwa sababu watoto walinawa kwa maji kidogo na kwa utaratibu. Hakuna mahali palipoelezwa kwa nini amekasirika. Alitokea, akakasirika, akashindwa.

Lakini watoto wa kambini walimpenda. Nikipita na mzigo walinifuata wakiimba, "Mama Pete! Mama Pete! Usikaushe kwetu, kausha kwa Wahabeshi!" Wengine walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena, wakifurahia kukimbia kwenyewe. Mwanamke mmoja mteja wangu alianza kunipokelea kuni nje ya ua, akasema mtoto wake mdogo analia akiniona. Baadaye akapata mwanamke mwingine wa kuni.

"Mading," Ayen alimwambia mumewe mbele yangu, "miaka kumi mimi nakuomba unichore. Umenichora nini? Kwenye bango ya saluni, tena pua ya mtu mwingine."

"Wewe huna hasira ya kutosha."

"Ngoja ukose chakula leo, utaona hasira."

Mimi sikucheka wala sikununa. Nilikuwa nahesabu matoleo.

Ilipofika Agosti alichora mwanzo wa Mama Pete. Alinionyesha kurasa tatu kamili, zimechorwa kwa wino. Kulikuwa na dume la kijivu lenye pembe moja iliyoinama, kama nilivyomweleza. Kulikuwa na wazee wamekaa juu ya viti vyao vidogo, midomo imefunguka wote kwa pamoja. Kulikuwa na kisima cha kwanza kikikauka wakati huohuo Lokiru anaposema neno. Hakumpa Lokiru sura mbaya. Alimpa sura ya mtu anayezungumza vizuri, na ndivyo alivyo. Tumaini hakuwepo kabisa.

Gitau alikuja kuzichukua kwa pikipiki. Alikuwa kijana kutoka Nyeri, msimamizi wa kitabu pale shirikani, mtu mpole wa kofia pana aliyeshindwa kuzoea joto letu. Aliketi juu ya dumu, akasoma polepole, akarudia.

"Mading, hii ni kazi safi," alisema. "Sitakudanganya. Ni safi kuliko zote. Lakini hapa kuna damu ya ng'ombe. Na Tumaini yuko wapi?"

"Hayupo."

"Na somo? Wakubwa wataniuliza, watoto wanajifunza nini hapa."

"Wanajifunza kwamba alikuwa mke."

Gitau alivua kofia akajipepea. "Hilo si somo, bwana. Hiyo ni habari ya mtu."

Mading alinitazama. Gitau naye akafuata macho yake, akanitazama uso, kisha picha, kisha uso tena. Nafikiri alielewa. Aliniambia, "Pole, mama." Akasema atajaribu kuwaongelesha wakubwa, na nadhani alijaribu.

Aliporudi ilikuwa Septemba. Wiki hiyo redio zote zilikuwa zikisema wataalamu wamegundua maji mengi chini ya ardhi ya Turkana, ziwa zima lililofichika. Watu walishangilia mjini. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji mahali palepale pa siku zote, kwa foleni ileile.

"Wakubwa wamesema adui wa kiu amepitwa na wakati," Gitau alieleza, huku akitazama kofia yake. "Maji yamepatikana. Toleo linalofuata ni la malaria. Adui atakuwa mbu."

"Mbu?" Mading alisema.

"Mbu. Lakini nimewaomba kitu kimoja. Huyu mama wa pete watoto wanamuulizia, hatuwezi kumpoteza hivihivi. Mmalizie hili toleo, ashindwe, sabuni kama kawaida. Kisha mwisho, juu ya mafunzo, una nusu ukurasa ya kumuaga. Picha moja. Bila damu, na bila hayo maelezo ya mahari."

Alipoondoka, Mading alisema ameshaiona hiyo picha: mwanamke amesimama juu ya kilima, pete inang'aa, na visima vyote vya Turkana vimefungua midomo chini yake kama vifaranga. Aliionyesha kwa mikono yote miwili.

"Hapana," nilisema. "Chora anapokatwa pete."

"Mama, hiyo picha bila maneno hakuna mtu anaelewa."

"Ambaye ni wetu ataelewa. Chora mwanamke, kichwa kimenyolewa. Chora pete. Chora mwanamume ameshika koleo."

Alichora. Alimwekea shanga, mkufu juu ya mkufu mpaka kidevuni, kama anavyowaona wanawake wetu sokoni.

"Toa shanga."

"Bila shanga atakuwa mbaya."

"Si ni adui? Awe mbaya. Amefiwa na mume. Akiwa na shanga ni mwanamke aliyekwenda ngomani."

Aliiacha shingo wazi, pete peke yake, na koleo. Kila Mturkana aliyeketi na mama yake angejua: huyu ni mjane, huyu ni mke wa halali, na kuna mtu anamvunjia ndoa yake baada ya mume kufa. Gitau aliipitisha bila swali. Alidhani yule mwanamume ni fundi anayemtengenezea pete. "Sawa," alisema, "ndivyo alivyopata nguvu zake. Imekaa vizuri."

Watoto wa kambini nao walidhani hivyohivyo. Lakini pale mjini, kwenye foleni ya maji, mwanamke mmoja wa makamo alikuta kitabu mkononi mwa mjukuu wake. Alikitazama, akasonya, akasema kwa lugha yetu, "Ni shetani gani huyu anayemkata mjane pete?" Nilisimama nyuma yake na dumu langu. Niliona tu kwamba picha inafanya kazi.

Siku chache baadaye nilipata lori la kwenda Lodwar.

Helen alinipokea jikoni mwa shule, moshi umemjaa machoni. Vitabu vilikuwa vimeshagawiwa. Alinionyesha kimoja alichokificha kwenye gunia la maharagwe. Kidole chake kilikuwa juu ya ile picha.

"Nilipoona hii niliketi chini," alisema. "Nikasema, huyu ni Akoru wetu. Nani alithubutu?"

"Akidor ameiona?"

"Wote wameiona. Ngoja mapumziko, nitamwita aje kuchukua makoko. Wewe kaa hapo nyuma, kwenye ua wa miiba. Mwalimu akiuliza, wewe ni wa kuni."

"Mimi ni wa kuni kweli."

"Basi hujadanganya."

Akidor alikuja akitembea haraka, amevaa sweta la shule katika jua lile. Alikuwa mrefu. Alikuwa na magoti ya Ekal. Kitabu kilikuwa kimekunjwa mfukoni mwa sketi yake.

"Ejok," nilimsalimu kwa lugha yetu.

"Ejok nooi," alijibu, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Mama Helen anasema unataka kuniona. Habari yako, mama?"

Alisema mama kama wanavyomwambia kila mwanamke.

"Nzuri. Umekisoma hicho?"

"Tumesoma wote. Tulipigania."

"Kizuri?"

"Si kama kile cha Mnunua Vivuli. Kile ndicho kizuri. Mimi nilikuwa nawaza, kama angekuja hapa ningemwuzia kivuli cha mwalimu wa hesabu." Alicheka, akaziba mdomo.

"Na huyu wa pete?"

"Huyu ni mkali. Nilimpenda sana mwanzo. Lakini hadithi yake haina kitu. Anakuja, anakasirika, anapigwa na sabuni. Halafu tazama." Alikifungua na kunionyesha, kama anayenifundisha. "Hapa mwisho ndipo wanampa nguvu, halafu kitabu kimeisha. Wangempa nguvu kwanza, halafu akasirike. Si ndiyo?"

Niliitazama picha, kisha nikamtazama yeye. Alikuwa amekulia Lodwar, kwenye nyumba ya mabati, na mke wa Lokiru huvaa kitambaa cha kanisa. Hakuna mtu aliyemketisha akamwambia shanga ni nini na pete ni nini. Nilikuwa nimewaza macho yote ya Turkana yatakayoiona ile picha, isipokuwa haya mawili.

"Hawampi nguvu," nilisema. "Wanamkata."

"Wanamkata nini?"

"Kaa chini."

Alikaa juu ya jiwe la jikoni. Nilimweleza. Sikueleza vizuri. Nilianza na koleo, nikarudi kwenye dume, nikasahau kusema juu ya Uganda, nikarudi tena. Nilisema huyu mwanamke, sikusema mimi. Yeye aliuliza kama mtu anayetaka kujua katuni inakwendaje.

"Na huyu mwanamume ni nani yake?"

"Kaka yake."

"Kaka yake kabisa? Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Sasa anataka nini?"

"Mtoto wa huyo mwanamke. Ni msichana. Msichana ataolewa, mifugo itakuja."

Macho yake yalitoka kwenye picha yakaja kwenye shingo yangu. Nilikuwa nimevua kitambaa kwa sababu ya joto la jiko, wala sikukumbuka kukirudisha.

"Baba alisema mama yangu aliwafuata wakimbizi," alisema.

"Nilifuata kuni."

Hakulia. Mimi pia sikulia. Helen alikuwa akikwangua sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Na alichinja kweli?" Akidor aliuliza.

"Nani?"

"Baba yangu. Yule mwingine."

"Alichinja. Dume la kijivu, pembe moja imeinama. Lilikuwa lake. Alilifuga tangu ndama."

"Basi adui ni Baba."

Alikunja kitabu, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha alizungumza haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeitoa hotuba kichwani kabla hajafungua mdomo.

"Mimi mwaka ujao nafanya mtihani wa darasa la nane. Baba ndiye alinileta shule. Wasichana wengine wameshaolewa, wawili wa darasa letu. Yeye amesema nimalize kwanza. Akisikia ulikuja, akisikia mimi najua, atasema shule ndiyo inanipa maneno. Atanitoa." Aliinua uso. "Usirudi hapa kabla ya mtihani. Na usitume mtu."

"Na baada ya mtihani?"

"Sijui. Sijafika huko."

Kengele iligongwa. Alisimama, akapangusa sketi. Alipiga hatua kidogo, akageuka.

"Unaitwa nani?"

"Akoru."

"Akoru," alisema, kama anayejifunza jina la mji. Kisha akakimbia pamoja na wengine, na kwa kuwa sweta zote ni za rangi moja, sikuona aliingia mlango upi.

Helen alinipa chai. Niliinywa yote. Kulipokucha nilirudi Kakuma juu ya magunia ya saruji.

Nilipompelekea kuni, Mading alikuwa akinisubiri. Sikuwa hata nimetua mzigo.

"Alielewa? Aliona koleo?"

"Hakuelewa. Nilimweleza kwa mdomo."

"Akasema nini?"

Nilimwambia kila neno, mpaka Uganda niliyoisahau. Mading alisimama kutoka kwenye debe lake akatembea ua mzima, kutoka ukuta mpaka ukuta. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Hiyo ndiyo hadithi, mama," alisema. "Sasa iko na mwanzo, iko na mwisho. Mtu mmoja amesema kweli! Simtaki hata Gitau. Nitachora yote kwa karatasi yangu. Kuna Mkongo ana mashine ya kurudufisha karibu na Kakuma Two. Tutatoa nyingi. Itafika Lodwar, itafika Kalemng'orok, itafika kila mahali."

"Usiichore."

Alisimama. "Nini?"

"Lokiru ana macho. Yeye si mtoto wa mjini, ataielewa kabla hajaifungua. Mtoto atatolewa shule."

"Mwaka mzima unaniambia chora, chora, chora. Leo iko tayari, unakataa?"

"Nimekataa."

"Mimi nimechora maadui wote hawa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye njaa. "Hakuna hata mmoja nimepata kumaliza. Hata mmoja. Huyu ningemaliza."

"Najua."

"Basi nibadilishe sura. Nibadilishe pete iwe kitu kingine. Iwe bangili."

"Mading, mwache mama wa watu," Ayen alisema kutoka ndani.

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani atanitukana, na ningemwelewa. Uso aliuchukua kwangu bila kuuliza, na sasa mimi nilikuwa nachukua kilichobaki. Zile kurasa tatu za Agosti zilikuwa zimebanwa ukutani kwa misumari midogo. Alizing'oa, akazikunja, akanipa. Nikaziingiza motoni chini ya sufuria ya Ayen, kwa kuwa ndio moto uliokuwa karibu. Zilishika polepole. Karatasi ya manila ni nzito.

Kisha alikaa, akaweka ubao magotini, akaanza kuchora mbu. Ayen akatoka na kopo, akanipimia mahindi.

"Kesho leta zile kavu," alisema. "Hizi za leo zina moshi."

Nikamwambia nitaleta.